Sura ya Saba: Msafara Usio na Sayari

Homeworld ni gemu ya mkakati iliyotoka mwaka 1999, kazi ya kampuni ya Relic ya Vancouver, Kanada. Mchezaji anaongoza watu waliochomewa sayari yao, nao sasa wanasafiri angani na meli mama wakitafuta kwao asilia. Hawana boma wala shamba. Kila walicho nacho wanatembea nacho. Safari ikiwa bado mbichi, mahali palipo tupu kabisa kwenye ramani, inatokea meli ngeni. Ni ya Wabentusi, viumbe walioungana na vyombo vyao hata mwili na meli havitenganishwi tena. Hawakuja kupigana. Wanafungua biashara: wewe unatoa madini uliyochimba kwenye asteroidi, wao wanakupa ujuzi wa kutengeneza chombo ambacho mafundi wako wasingekigundua leo wala kesho. Mkimaliza, wanaondoka. Baadaye adui yako anawashambulia kwa sababu walikusaidia, na hapo unawakuta wafanyabiashara hawa wakihitaji bunduki zako.

Katika gemu zote nilizowahi kucheza, hakuna upande niliotamani kuushika kama huo, na sikupewa. Mwaka 2000 ilipotoka Homeworld: Cataclysm, Wabentusi walikuwamo tena, tena wauzaji, tena wageni wa kupita. Mwaka 2003, katika Homeworld 2, walikuwa wamebaki wachache mno, na meli yao ya mwisho ikajitoa mhanga ili hadithi ya mtu mwingine isonge mbele. Mchezaji aliruhusiwa kuwa mkimbizi, mvamizi, mchimba madini, hata ugonjwa unaokula meli za wenzake. Msafiri anayeishi kwa njia yenyewe hakuruhusiwa kuwa.

Nimelifikiria ombi hili muda mrefu, na sura hii ni ya kulitetea. Nalitetea nikiwa Tabora, kwa sababu sheria zote ambazo upande wa namna hiyo ungehitaji ziliwahi kufanya kazi hapa, mchana kweupe, kati ya Bagamoyo na Ujiji, katika karne ya 19.

Kwanza tuwatendee haki watengenezaji. Wachezaji wanapoomba kundi lao wapendalo liongezwe, mara nyingi wanaomba kana kwamba ni rangi mpya ya kupaka. StarCraft ya mwaka 1998 ilitufundisha kwamba sivyo. Ilikuwa na pande tatu tu, binadamu na mataifa mawili ya viumbe wa mbali, na kila upande ulijenga, ulikula na ulikufa kwa namna yake. Pande tatu zina mapambano matatu tofauti ya kupima, mbali na kila upande kupambana na wenzake. Ukiongeza wa nne yanakuwa sita. Ukifika wanane, yamekuwa 28, na katika kila moja lazima mchezaji mzuri awe na nafasi ya kushinda. Kwa hiyo "hapana" ya mtengenezaji haitokani na roho mbaya. Anapiga hesabu.

Hata hivyo "ndiyo" hutokea. Endless Space 2, ya kampuni ya Amplitude ya Paris, ilizinduliwa mwaka 2017 ikiwa na pande nane, na mmoja kati ya hizo, Unfallen, ulibuniwa na wachezaji na kuchaguliwa kwa kura. Ni miti yenye akili inayotawala kwa kueneza mimea tambazi kutoka nyota hadi nyota. Ukiuangalia kwa makini utaona kwa nini ulipita: waliouomba hawakuleta picha peke yake, walileta namna mpya ya kusogea kwenye ramani. Ombi langu nalo linapaswa kuja hivyo, pamoja na namna yake ya kusogea, ya kula na ya kushindwa.

Tatizo la Wabentusi ni kwamba gemu za mkakati, za angani na za duniani, huuliza swali moja tangu dakika ya kwanza: una ardhi kiasi gani? Ramani inapakwa rangi, na mwenye rangi nyingi ndiye mwenye nguvu. Mfanyabiashara asiyepaka rangi hugeuzwa kuwa duka. Stellaris, gemu ya anga kutoka Stockholm, ilipotoa nyongeza ya MegaCorp Desemba 2018, iliingiza misafara ya viumbe wanaozunguka galaksi wakitoa ofa kwa kila dola wanayoipitia. Unakubali au unakataa, wanapita. Ni duka lenye injini. Katika Endless Space 2 wako Lumeris, matajiri wa biashara ambao kweli unaweza kuwashika, lakini fedha zao nazo huishia kununua sayari.

Watu wa pwani yetu wamefanyiwa jambo hilo hilo. Katika Civilization VI, Zanzibar ipo: ukiwa mlezi wake inakupa mdalasini na karafuu. Lakini ni mji wa kubembelezwa na wakubwa, hauchezwi. Civilization V iliiweka Mombasa pia katika kundi hilo. Na wimbo uliofungua Civilization IV mwaka 2005, Baba Yetu wa Christopher Tin, ulikuwa wa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo ya Grammy. Mamilioni ya watu waliingia katika gemu hiyo kupitia Kiswahili, na ndani hawakumkuta Mswahili hata mmoja wa kumwongoza. Bara ndiyo ilisahaulika kabisa. Europa Universalis IV ilipotoka mwaka 2013, pwani ya Waswahili ilikuwa na dola unayoweza kuichagua, ila ukisogeza ramani magharibi ya pwani ulikutana na eneo la kijivu lisilopitika. Maziwa Makuu yaliongezwa baadaye. Fikiria maana yake kwa mtu wa Tabora: sehemu ambayo maelfu ya watu waliipita kwa miguu kila mwaka ilichorwa kuwa isiyopitika.

Twende basi kwenye njia yenyewe.

Wanyamwezi, wenyeji wa Tabora, walikuwa wameshafika pwani na pembe zao za ndovu mnamo mwaka 1800, kabla wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili hawajaweka makazi huku. Wageni walipokuja, walifuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani. Stanley, naye msafiri wa Kizungu, aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Unyanyembe, nchi yenye Tabora, Juni, karibu miezi mitatu, na huo ulihesabiwa mwendo wa kasi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee. Wapagazi wengi walikuwa watu huru waliopatana ujira, na mapatano yakivunjwa waligoma au walitua mizigo na kwenda zao. Mbele alitembea kirangozi, mara nyingi aliyechaguliwa na wapagazi wenyewe, mwenye bendera, vazi la kuonekana na ngoma nyuma yake. Hakuna aliyempita. Tajiri wa pwani aliyelipia msafara mzima hakuwa na amri ya kumtangulia.

Hapo tayari tuna sheria ya kwanza ya gemu: meli ya mbele haiamrishwi na mwenye fedha. Mchezaji anayeongoza msafara wa nyota angepanga makubaliano na virangozi wake, wala asingeburuta meli kwa kipanya popote apendapo. Akilipa vibaya, sehemu ya msafara inashusha shehena kwenye nyota ya karibu na kurudi nyumbani.

Sheria ya pili ni msimu. Mpagazi wa Unyamwezi alikuwa mkulima. Alisafiri kiangazi na kujitahidi kuwa nyumbani mvua zikinyesha, na mtu aliyetaka kukodi wapagazi wakati wa kulima alijua atalipa zaidi au atakosa. Kwenye gemu nyingi, kikosi kikishajengwa kipo tu, usiku na mchana, hadi kiuawe. Msafara wangu ungekuwa na mwaka wake. Ukiulazimisha utembee majira ya kupanda, utafika na mali na kukuta njaa kwenu.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Fedha za njiani zilikuwa nguo, shanga na nyaya. Nguo ilikuwa merikani, pamba nyeupe ya viwanda vya Marekani, na kaniki. Lakini shanga zilikuwa na mitindo. Sami-sami nyekundu zilizogombewa katika nchi moja zilikataliwa katika nchi ya pili, na msafiri aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa na mizigo mizito isiyomnunulia hata kuku. Kwa hiyo kabla ya kuondoka pwani ilikupasa ujue watu wa mbali, usiowaona kwa miezi, mwaka huu wanavaa nini. Hiyo ni intelijensia ya hali ya juu. Gemu za angani zina sarafu moja kutoka ukingo hadi ukingo wa galaksi, ikikubalika na viumbe wenye mikono na wasio na mikono, na sijawahi kuelewa kwa nini. Upande wa msafara ungekuwa upande pekee unaojua nini kinathaminiwa wapi, na ujuzi huo ndio ungekuwa ghala lake la silaha.

Kisha hongo, yaani ushuru wa kupita. Ugogo ni nchi kavu, na watemi wa Ugogo walikuwa na kitu ambacho msafara wa watu mia tano haukuweza kukikwepa: maji. Ulisimama, ukajadiliana siku moja au tatu, ukalipa nguo, ndipo visima vikafunguliwa. Wasafiri wa Kizungu waliandika kurasa nyingi za kulalamika kuhusu hongo. Ukitazama kwa jicho la Mgogo, wageni wale walikunywa maji ya mifugo yake na kula nafaka ya watoto wake wakielekea kutajirika kwingine. Kulipa ilikuwa haki. Gemu nzuri ingempa mchezaji nafasi ya kukaa upande huo wa meza pia, awe taifa dogo lenye nyota moja yenye mafuta ya meli, linaloishi kwa kujua hasa msafara unaweza kubanwa kiasi gani kabla haujatafuta njia nyingine.

Na katikati ya kulipana na kubanana kulikua utani. Wanyamwezi na Wagogo, Wanyamwezi na Wazaramo, Wanyamwezi na Wazigua: watu waliokutana njiani kizazi baada ya kizazi walijenga uhusiano wa kutaniana, kuchukuliana vitu bila ugomvi na kuzikana. Mtani akifa ugenini, mtani wake alikuwa na wajibu. Zaidi ya hapo palikuwa na undugu wa kuchanjiana, ambao ulifunga watu wawili kwa damu. Mirambo na Stanley waliufunga Aprili 1876. Ukifungua ukurasa wa diplomasia katika gemu yoyote utakuta amani, vita, muungano, mkataba wa biashara. Kote huko sijakuta uhusiano unaokuruhusu kumnyang'anya mwenzio shehena leo, mkacheka, na kesho ukalazimika kumhifadhia yatima. Huku kwetu ulifanya kazi ya mabalozi kutoka ziwani hadi baharini.

Nimemtaja Mirambo. Yeye ndiye jibu kwa mtengenezaji anayeuliza kama upande wa njia unaweza kuwa na nguvu za kivita. Alianza na utemi mdogo magharibi ya Tabora, akakusanya vijana wa ruga-ruga wenye magobori, akajenga dola ya Urambo. Mwaka 1871 aligombana na Waarabu wa Tabora akaifunga njia ya Ujiji. Agosti mwaka huo jeshi la Waarabu, Stanley akiwa nao, lilitoka kumwadhibu. Kundi lao moja liliteka vijiji vya Wilyankuru, likajaza pembe na mateka, na katika kurudi likavamiwa na Mirambo aliyelivizia njiani. Baadaye mwezi huo huo aliingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji na kumuua Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wake. Hakuukalia mji. Hakuuhitaji. Aliendelea kuikaba njia, na pembe zikakwama.

Stanley alilazimika kuzunguka kusini kufika Ujiji. Lakini mfano unaonigusa zaidi uko Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, kwenye tembe ambayo leo ni makumbusho. Ni nyumba ya udongo, ndefu, pana, yenye kuta nene. Livingstone, msafiri ambaye Stanley alikuwa amemfuata Ujiji, alikaa humo kuanzia mapema mwaka 1872, na baada ya Stanley kuondoka Machi alibaki akisubiri hadi Agosti. Alikuwa na dawa, nguo, karatasi, jina lililojulikana dunia nzima. Alichokosa ni watu wa kubeba. Aliandika, alihesabu siku, alisikiliza habari za vita vya Mirambo, na hakwenda popote mpaka wapagazi waliotumwa kutoka pwani walipowasili. Mtengenezaji wa gemu angeona nini katika chumba kile? Angeona mchezaji mwenye rasilimali zote kwenye skrini na kitufe cha kusogea kimezimwa, kwa sababu upande mwingine, ambao haumiliki hata nyota moja yake, umeamua hivyo.

Hapa sina budi kusema jambo zito. Njia hii ilipitisha pia watumwa. Picha ya mpagazi aliyefungwa minyororo huku amebeba pembe imewachanganya watu wawili: mpagazi wa kulipwa na mateka wa kuuzwa. Walikuwa tofauti, lakini walikanyaga vumbi moja. Na faida ya pembe iliwawezesha Wanyamwezi wenyewe kununua watu wa kuwalimia mashamba wakiwa safarini. Tembe kubwa za Tabora zilisimama kwa kazi ya watumwa, na vita vya Mirambo vilizalisha mateka. Stellaris inaruhusu utumwa kama sera, unachagua, nao unaingia kwenye hesabu za uzalishaji. Sitaki hilo kwa msafara wangu. Sitaki pia ufutwe, maana kuufuta ni kuwaua mara ya pili watu waliopita hapa bila jina. Ningetaka kila mateka awe na alikotoka kwenye ramani, na kila nyota iliyochukuliwa watu iwe nyota ambayo msafara hautapata tena chakula, mtani wala njia salama. Ndivyo ilivyokuwa: nchi zilizovamiwa zilihama, zilijizungushia maboma, na wasafiri waliofuata walipita kwenye mahame.

Kwamba upande usio na ardhi unaweza kuchezwa tayari kumethibitika. Amplitude hao hao, katika Endless Legend ya mwaka 2014, walitoa Roving Clans: wafanyabiashara ambao miji yao hupanda mgongoni mwa mende wakubwa na kuhama, ambao hawawezi kutangaza vita, na ambao wanapata sehemu yao soko linapofanya kazi. Wengi waliwapenda. Bado miji yao hutua na kupaka rangi, lakini mlango uko wazi.

Linabaki swali la mwisho wa gemu, na hapa historia ya Tabora inatoa kitu kikali. Mirambo alifariki Desemba 1884, na dola yake haikudumu. Msiri, aliyetoka upande huu wa Unyamwezi akafuata shaba hadi Katanga na kujenga utawala wa Wayeke Bunkeya, aliuawa mwaka 1891. Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake Januari 1893 Wajerumani walipomvamia. Lakini kilichoumaliza msafara kama kazi kilikuwa reli. Treni ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Karibu kila gemu ya angani ina teknolojia ya namna hiyo, lango linalounganisha nyota mbili papo kwa papo, na kila upande hulikimbilia kwa sababu linarahisisha mambo. Kwa upande wa msafara lango hilo lingekuwa hukumu. Mchezaji wake angeamka kila siku akijua kwamba mteja wake mkubwa yumo maabarani anatafuta namna ya kutomhitaji. Angeuza ujuzi upi na kuuficha upi? Angechelewesha kwa hongo, kwa undugu, kwa kumpa mteja bei nzuri mno hata lango lisilipe? Au, kama vijana wa Unyamwezi walivyofanya reli ilipokuja, angewapeleka watu wake kwenye ujenzi na mashamba ya wengine, wauze mabega yao mahali papya? Sijacheza gemu yenye fumbo zuri kuliko hilo.

Hakuna haja ya kusubiri Vancouver, Paris wala Stockholm. Homeworld ilipotolewa upya mwaka 2015 iliacha wachezaji waifanyie nyongeza, na sehemu kubwa ya sheria za Stellaris imeandikwa kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida ambayo kijana yeyote mwenye kompyuta ya wastani Tabora au Kigoma anaweza kuyafungua na kuyabadili. Mimi ningeanza na orodha ya majina, kwa kuwa ni faili jepesi: viongozi waitwe Fundikira, Karunde, Nyungu ya Mawe, vituo viitwe Kwihara, Uyui, Uvinza, kwenye chumvi. Kisha tukio moja tu la hongo, lenye majibu matatu: lipa, zunguka, au dai utani. Likishafanya kazi bila kuvunja gemu, ndipo mtu aguse sheria ya ardhi yenyewe, ile inayohesabu nyota zako kila mwezi kuamua wewe ni nani, aandike nyingine inayohesabu ni nani hawezi kuufikisha mzigo wake bila wewe.